Ubao na ala yake: shajara ya kuchonga ubao wa chini wa dingi

Siku ya 1

Leo nimeutoa ubao wa zamani na kuulaza juu ya meza ya kazi. Ni kipande cha plaiwudi ya mm 24, kimeviringwa kidogo mbele, kimechongwa kidogo nyuma, na katikati ni bapa kama mlango. Nchani tabaka zimeachana kwa maji. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unasikia pale ulipooza: sauti inageuka kutoka "ko" kwenda "bu".

Ninaposema ubao, nasema ule unaoshushwa wima katikati ya dingi, ile mashua ndogo ya tanga, ili boti isiserereke demani (upande upepo uendako) tanga linapovuta. Wengine huuita dagabodi. Lile sanduku jembamba linalotoka sakafuni hadi chini ya boti mimi huliita ala, maana ubao unaingia na kutoka mle kama jambia. Ala yangu ina urefu wa mm 320 na upana wa mm 30. Ubao wa mm 24 ndani ya ala ya mm 30: kila upande mm 3 za kuchezacheza. Muda wote niliomiliki boti hii nimeusikia ule mgongano wa "ta-ta-ta" kwenye mawimbi, na nilidhani ndivyo dingi zilivyo.

Boti yenyewe ni ya mtu mmoja, m 4.2, nami ni kilo 75. Ina maisha mawili. Ikienda bisho, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, inapasua maji kwa noti (maili za baharini kwa saa) 4 hadi 5 na haiwezi zaidi, kwa sababu imefungwa na wimbi inalolitengeneza yenyewe. Upepo ukija matanga kati, yaani ubavuni, na ukawa na nguvu, inapanda juu ya wimbi lile na kuteleza: noti 10, pengine zaidi. Ubao ni uleule katika maisha yote mawili, na mahitaji yake hayafanani hata kidogo.

Siku ya 3

Hesabu. Nimeanzia kwenye uzito wangu, si kwenye upepo.

Nikining'inia nje ya ukingo, uzito wangu unavuta m 1.2 hivi kutoka mstari wa kati. Kilo 75 mara 1.2 ni 90. Kitovu cha nguvu ya tanga kiko kama m 2.2 juu ya maji, na cha ubao kama sm 40 chini yake, jumla m 2.6. Gawanya 90 kwa 2.6 unapata kilo 35 kasoro kidogo. Hiyo ndiyo nguvu ya upande ambayo tanga linaweza kutoa kabla sijapinduka. Upepo ukizidi, nalegeza kamba ya tanga, na nguvu inarudi palepale. Kwa hiyo, hata kukivuma vipi, ubao na usukani kwa pamoja havitaombwa zaidi ya kilo 35. Usukani ukichukua theluthi, ubao unabaki na kilo 23. Nimeitazama namba hii kwa muda mrefu. Nilikuwa nadhani ni mara tatu yake.

Sasa mwendo. Nguvu ambayo maji yanaupa ubao hukua kwa mraba wa kasi. Ubao ninaoufikiria una kina cha sm 80 chini ya boti na upana wa sm 27. Pamoja na usukani ni m² 0.32. Kwa noti 5, yaani mita 2.6 hivi kwa sekunde, boti lazima iserereke kwa nyuzi 4 ili kilo 35 zipatikane. Kwa noti 10, nyuzi 1 inatosha. Ukiteleza, robo tatu ya ubao ni mzigo tu.

Mzigo kiasi gani? Msuguano na umbo la ubao vinakula kama nusu kilo kwa noti 5. Nusu kilo nyingine, au pungufu yake kidogo, inaliwa na maji yanayozunguka nchani kutoka upande wa shinikizo kwenda upande wa mnyonyo. Hiyo ya pili hupungua ubao ukiwa mrefu na mwembamba zaidi. Kwa noti 10 mambo yanageuka: ya nchani karibu inatoweka, ya msuguano inapanda hadi kilo 2. Ndiyo maana wanaoteleza huvuta ubao juu.

Si jambo geni. Uffa Fox, mbuni wa boti wa Uingereza, alipoleta Avenger mwaka 1928, dingi ya mashindano ya daraja la International 14 yenye ganda lililochongwa makusudi ili liteleze, alishinda mashindano 52 kati ya 57. Watu waliona ganda, na tangu hapo dingi nyingi zimefuata nyayo zake. Mimi najiuliza ubao wake aliuvuta kiasi gani.

Siku ya 6

Umbo la mkato. Hapa ndipo watu hupotelea wiki nzima, nami nimepotelea jioni tatu.

Nimetumia XFOIL, programu ya kukokotoa jinsi maji au hewa inavyopita kwenye mkato wa bawa, aliyoiandika Mark Drela katika chuo cha MIT mwaka 1986, ambayo bado inafanya kazi vizuri kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Nimelinganisha NACA 0010 na NACA 63-010, mikato miwili ya bawa kutoka orodha ya zamani ya Marekani, zote mbili zenye unene wa asilimia 10 ya upana. Ya pili imechorwa ili maji yateleze laini juu yake kwa umbali mrefu kabla hayajavurugika, na mchoro wa ukinzani wake una kishimo kizuri katikati. Tatizo ni kwamba kishimo ni chembamba. Nikienda bisho kwa nyuzi 4 niko nje yake tayari, na faida yote imebaki huko ndani. Tena kishimo kile kinadai uso laini kama kioo, na ubao wangu utapita kwenye mchanga kila siku ninaposhusha boti.

Nimechagua 0010. Kwa upana wa mm 270 unapata unene wa mm 27, mahali penye unene mkubwa pako asilimia 30 kutoka mbele, na pua yenye nusu kipenyo cha mm 3. Hiyo pua naiandika kwa herufi kubwa ukutani. Ukiichonga kali, maji yanabanduka ubavuni mara tu unapogeuza boti, na ubao unaacha kushika kabla boti haijapata kasi upya.

Tofauti ya ukinzani kati ya maumbo haya mawili, kwa hali yangu, ni gramu hamsini hivi. Nimeandika ili nikumbuke nitakapoanza tena kubishana na nafsi yangu.

Siku ya 8

Mwerezi mwekundu, vipande vya mm 30, kila kimoja kimegeuzwa kinyume cha jirani yake ili kimoja kikitaka kupinda kingine kikikatae. Gundi ya epoksi iliyokorezwa, klampu kumi na moja. Klampu hazitoshi kamwe.

Siku ya 12

Kosa, na la kijinga.

Nilichapisha mkato kwenye karatasi, nikaubandika kwenye plaiwudi ya mm 3, nikakata violezo. Nikaanza kuchonga upande wa kwanza kwa randa, kiolezo mkononi, kunyoa na kupima, kunyoa na kupima. Ulipokaribia kukaa, nikaona kiolezo hakifiki nyuma. Kimepungukiwa mm 8. Nikajiambia ni ziada niliyoiacha kwenye mbao, nikaendelea.

Jioni nimeshika kalipa na kupima kiolezo chenyewe. Mm 262. Printa ilikuwa imejiamulia kupunguza mchoro ili uingie kwenye karatasi pamoja na pambizo zake, asilimia 97, na haikuniambia kitu. Au iliniambia katika kile kidirisha ambacho mimi hukibonyeza "sawa" bila kusoma.

Upande mmoja, basi, umepungua mm 0.4 kwenye unene na pua yake imechongwa kwa kipimo cha ubao mwingine mdogo. Mm 0.4 ungedhani si kitu. Lakini ubao usiolingana pande mbili unavuta upande mmoja hata ukienda moja kwa moja, na ungenisumbua: boti nzuri kwenye mkono mmoja, nzito kwenye mwingine, nami nikitafuta sababu kwenye tanga. Nimejaza kwa puti ya epoksi, nimekata violezo vipya, na safari hii nimechora mstari wa mm 100 kando ya mchoro ili niupime kwa rula kabla ya kugusa mbao.

Siku ya 16

Pande mbili zinalingana ndani ya mm 0.2 kila mahali nilipopima, isipokuwa sm 5 za mwisho nchani ambako msasa umekula zaidi. Nimekubali.

Kabla ya kufunika, nimechimba kila upande mfereji wa upana wa mm 100 na kina cha mm 0.6, kuanzia kichwani hadi theluthi mbili ya kina. Humo nimelaza tabaka mbili za kaboni ya nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Juu ya yote, kitambaa kimoja cha nyuzi za kioo, gramu 200, kimekatwa mshazari. Kalipa sasa inasoma mm 27.4.

Ukingo wa nyuma nimeuacha mm 3, nikauviringa kwa msasa. Kanuni inataka uwe karibu wembe, nusu milimita, lakini wembe huo ungevunjika siku ya kwanza.

Siku ya 19

Jaribio la mzigo, nililoliogopa kuliko yote.

Mzigo mkubwa wa ubao hauko kwenye kusafiri. Uko kwenye kupinduka. Boti ikilala ubavu unapanda juu ya ubao, unasimama karibu na ncha, na kuvuta. Kilo 80 (mimi na nguo zilizolowa) kwa sm 80. Linganisha na kilo 23 za bisho, ambazo kitovu chake kiko sm 36 hivi chini ya ganda: wakati wa kupinduka, nguvu inayoupinda ubao pale mlangoni mwa ala ni zaidi ya mara saba. Mbao tupu ingefikia mkazo wa megapaskali 42 pale, na mwerezi mwekundu huvunjika karibu na 50. Tena hakuna mtu anayesimama juu ya ubao kwa utulivu. Unarukaruka.

Nimetengeneza fremu ya mbao inayofanana na ala, nikaingiza kichwa cha ubao, nikaanza kuning'iniza mifuko ya mchanga nchani. Kilo 20, 40. Kwenye 60 kukasikika mlio mmoja mkavu, nikaruka nyuma. Ilikuwa fremu. Kwenye 80 ncha imeshuka mm 41. Nikasubiri dakika kumi, nikatoa mifuko yote, na ncha ikarudi ilikotoka.

Mwenzangu wa boti ya pili alikuja kutazama. Akaegemea ukuta, mikono kifuani. "Na ukiruka?" akauliza. Nikamwambia aruke yeye. Hakuruka.

Siku ya 22

Majini kwa mara ya kwanza.

Nafasi iliyobaki ndani ya ala niliijaza: kipande cha povu gumu nyuma kuziba zile mm 50, na kanda za zulia jembamba kila upande, mbili juu na mbili mlangoni chini. Ubao unaingia kwa kusukumwa. Hauna mlio. Ile "ta-ta-ta" imekwisha, na ilivyokwisha nimegundua kwamba nilikuwa nikiisikia kwa meno.

Boti inageuka kwa wepesi na inashika mapema zaidi baada ya kugeuka. Hayo nayaandika kama hisia, si kama kipimo.

Kisha upepo ukaongezeka, boti ikapanda, ikaanza kuteleza, na ubao ukaanza kuvuma. Mvumo haukuwa wa kukwaruza. Ilikuwa nota moja safi, unaisikia kwenye kana (mpini wa usukani), kwenye sakafu, kwenye mifupa ya kukalia. Mwenzangu alikuwa mita ishirini demani.

"Fundi! Ubao wako unaimba!"

"Nasikia!"

Simu ilikuwa kwenye kijaluba chake cha plastiki, ina programu ya kupima mitetemo ya sauti. Imesoma mara 230 kwa sekunde.

Siku ya 23

Ubao unaimba kwa sababu ya ule ukingo wa nyuma nilioviringa. Maji yakiacha ukingo mviringo hayakubaliani yaachie wapi. Yanaachia upande huu, kisha ule, kisha huu, kila mara kijizunguko kidogo kinatupwa nyuma, na kila kijizunguko kinausukuma ukingo kidogo. Hesabu ya haraka: kasi gawanya kwa unene, mara 0.2. Mita 4 kwa sekunde, mm 3: mara 267. Simu ilisoma 230, na tofauti naielewa, kwa sababu utando wa maji yanayokwenda polepole unaoambatana na uso unaufanya ukingo uonekane mnene kuliko ulivyo.

Dawa imechukua robo saa. Nimekata ukingo mshazari, nyuzi 45, upande mmoja tu, mpaka ikabaki pembe kali upande wa pili. Sasa maji yana mahali pamoja pa kuachia. Nimetumia msasa uliogandishwa kwenye kipande cha mbao nyofu, si wa mkononi, maana vidole huviringa kila kitu vinachogusa.

Siku ya 24

Kimya kabisa. Nimeteleza kwa saa nzima nikisubiri uanze.

Siku ya 27

Jaribio la kuvuta. Boti ya injini mbele, kamba ya mita 25, mizani ya kidijitali ya kuning'iniza katikati, nami ndani ya dingi nimekaa palepale kila mara, tanga limeshushwa.

Kwa noti 5 boti nzima inavuta kilo 10 hivi. Nimelinganisha ubao mpya na wa zamani, zamu kwa zamu, mara sita. Sioni kitu. Mizani inayumba kilo moja na nusu kwa kila wimbi dogo, na ninachotafuta ni gramu mia moja au mbili. Zile jioni tatu za kuchagua kati ya 0010 na 63-010 zilikuwa juu ya gramu hamsini.

Kwa noti 10 boti inavuta kilo 33. Ubao wote chini dhidi ya nusu juu, mara nane: wastani umeshuka kilo 1.2. Hesabu ilisema kilo moja. Hiyo imeonekana hata kwa mizani inayoyumba. Nimefurahi kuliko inavyostahili kwa kilo 1.2.

Jambo moja ambalo jaribio hili halionyeshi kabisa: ukivutwa moja kwa moja hakuna kuserereka, kwa hiyo ile nusu kilo ya nchani haipo. Na ndiko ubao wa zamani, mfupi na mpana, ulikuwa unapoteza.

Siku ya 31

Boti mbili zinazofanana, kutoka kalibu moja. Tunakwenda bisho sambamba, dakika kumi, kisha tunabadilishana mbao, kisha tunabadilishana boti. Bila kubadilishana boti unapima nahodha.

Nyuma kwenye shetri nimebandika kipimapembe cha shule na kufunga mshipi wa kuvulia wa mita 12 unaoburuzwa majini. Boti inaelekea huku, mshipi unaonyesha ilikotoka, na pembe kati yake ndiyo kuserereka. Mshipi hauna adabu, huyumba na kila wimbi, kwa hiyo nimesoma mara ishirini kila safari na kuchukua ya katikati. Kipimo cha setilaiti kingekuwa na heshima zaidi, lakini mkondo wa maji unakidanganya. Mshipi hauujui mkondo, nao uko ndani yake pamoja na boti.

Ubao wa zamani: nyuzi 6. Mpya: nyuzi 4. Baada ya dakika kumi boti yenye ubao mpya iko mbele zaidi upande upepo utokako, kwa urefu wa boti tisa. Hii si hisia tena. Tisa!

Jioni mwenzangu ameniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe: ule wa zamani ulikuwa unagongagonga ndani ya ala, huu umebanwa na zulia. Nimelinganisha mbao, au nimelinganisha zulia?

Siku ya 33

Nimebandika zulia kwenye ubao wa zamani. Uleule uliooza ncha, bapa kama mlango. Zulia nene pande zote hadi ukae barabara, na kipande cha povu nyuma.

Nyuzi 5. Tofauti ya dakika kumi imeshuka hadi boti nne, safari moja tano.

Nimekaa ukingoni mwa maji na daftari na sikuandika kitu kwa muda. Karibu nusu ya faida yote niliyoipata kwa wiki tano za mwerezi, kaboni na violezo ingepatikana kwa vipande vya zulia na mchana mmoja. Ubao uliolegea hulala mshazari ndani ya ala, hujipinda kwa nyuzi fulani ambayo hukuichagua, huigeuza kila wimbi, na maji hupanda kupitia mwanya na kuvurugika hapohapo penye kazi kubwa. Kwa kuongezea unabeba maji yaliyojaa ndani ya ala kila uendako.

Ile nusu nyingine ni kina, na pua, na ukingo wa nyuma. Umbo la mkato liko humo mahali fulani. Silioni.

Siku ya 35

Hakuna upepo. Nimepaka rangi ncha.

Siku ya 38

Jaribio la pembeni, kwa sababu nimeshaonja. Boti za daraja la 505, dingi za mashindano, hutumia ubao wenye kichwa kilichochongwa ili ujigeuze kidogo kuelekea joshi (upande upepo utokako) wenyewe, kila upande ugeukapo. Ganda linakwenda moja kwa moja, ubao peke yake ndio unaoshika pembe. Nimeiga kwa zulia: nimeondoa sehemu ya mbele ya kila kanda, nimeacha ya nyuma kama bawaba. Inawezekana kwa sababu nguvu ya maji hukaa robo ya upana kutoka mbele, kwa hiyo ikiwa bawaba iko nyuma yake, pua inasukumwa joshi. Ukikosea ukaweka bawaba mbele, pua inakwenda demani na boti inakwenda kama kaa.

Imefanya kazi, na sijaipenda. Mshipi ulisoma nyuzi 3. Lakini baada ya kila mgeuko kulikuwa na kitambo ambacho ubao haujaamua, na nahodha mwenye uvivu wa mikono kama mimi anapoteza hapo zaidi ya anachopata. Kwenye kuteleza ilikuwa mbaya: ubao unataka kupanda joshi, usukani unaukataza, kana inauma mkono. Nimerudisha zulia za mbele.

Siku ya 45

Upepo mzuri wa matanga kati, mawimbi mafupi. Siku ya kuteleza.

Nimechora mistari mitatu kwenye kichwa cha ubao. Wote chini kwa bisho. Sm 20 juu ndipo boti inapokuwa huru: ubao wote ukiwa chini, kila kishindo cha upepo kinaifanya boti ijikwae juu yake, ncha inang'ang'ania kule chini na tanga linasukuma huku juu. Ukiuvuta sm 20, boti inaserereka hatua moja demani badala ya kulala, na kishindo kinakuwa kasi. Hiyo nadhani inazidi kilo 1.2 zote za mizani.

Mstari wa tatu ulikuwa sm 40, nami nikautumia. Nikasahau kwamba ubao uliovutwa sm 40 unasimama sm 40 juu ya sakafu. Upepo ukaja tezi, yaani kwa nyuma, nikageuza tanga, mti wa chini wa tanga ukavuka kwa kasi na zile kamba zake za kuuvuta chini zikakikamata kichwa cha ubao. Boti ikasimama katikati ya mgeuko kana kwamba imefungwa gati. Mimi sikusimama.

Kamba ya mpira niliyoifunga kichwani mwa ubao ndiyo iliyouzuia usichomoke na kuelea zake. Nikaogelea kuzunguka, nikausukuma ubao wote utoke chini, nikapanda. Ncha kabisa, kilo 80, na nikaruka, maana mlingoti ulikuwa umejaa maji na boti haikutaka. Nimeutazama ubao ukipinda chini ya miguu yangu. Mm 41 inaonekana kubwa zaidi ukiwa umesimama juu yake.

Boti imesimama. Ubao hauna ufa.

Siku ya 46

Mstari wa tatu nimeupunguza hadi sm 25, na nimekata mpini wa kamba badala ya ule wa mbao uliojitokeza juu.

Nilipoutoa ubao kuukausha nimeona zulia. Zile za juu zimelika pande zote mbili, na zile za mlangoni chini zimelika pande zote mbili, mm 0.5 au zaidi. Maji yanaisukuma ncha joshi, kwa hiyo mlangoni ubao unaegemea ukuta wa joshi na kule juu unaegemea ukuta wa demani, kisha unageuka na kufanya kinyume chake. Kipande nilichoongeza katikati ya ala kwa usalama kiko kama nilivyokibandika, hata manyoya yake hayajalala. Nimekiondoa, na hizo nne nyingine nimezibadilisha.